Tumbo tupu, lakini linanguruma: mwanangu kaniuliza nikakosa jibu

MamaWatatu_Wete (Jumamosi, saa 4:10 usiku)

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Niko Wete, nina watoto watatu. Huyu wa kati ni wa kike, ana miaka minane, na Ramadhani hii ndiyo kaanza kufunga. Tunamfungisha mpaka adhuhuri, anakula kidogo, kisha anajihesabu kafunga na sisi mpaka magharibi.

Jana saa tano asubuhi nilikuwa uani nachambua mchele, yeye kalala jamvini kaniwekea kichwa kwenye paja. Tumbo langu likanguruma. Si kidogo, mngurumo mrefu uliopanda na kushuka, kama maji yakimalizika kwenye bomba. Akainuka akaniangalia usoni, "Mama, umekula?" Nikamwambia sijala, nimefunga. Hakuridhika. Akaweka sikio tumboni mwangu, akatulia kimya mpaka likarudia tena, ndipo akauliza: "Kama hamna kitu ndani, kinachonguruma ni nini?"

Nikamjibu ni njaa. Akanambia njaa si kitu, haiwezi kutoa sauti. Sasa bibi yake, mama mkwe wangu, alikuwa jikoni, akasema kwa nia njema kabisa: "Hao chango wanalia, wanataka chakula." Basi mtoto kaingia hofu. Usiku hakutaka kulala peke yake, kila tumbo lake likitoa sauti anashituka anashika kitovu. Leo asubuhi kakataa daku, anasema hataki kuwalisha.

Nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili, na mfumo wa chakula tulisomeshwa. Nakumbuka mchoro ubaoni: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Majina ninayo. Lakini nilipotaka kumweleza mtoto kinachofanyika humo ndani, saa hiyo, kwenye tumbo la mtu aliyekula daku saa kumi alfajiri, nimeona sijui kitu. Ule wali wa daku saa tano uko wapi? Umekwisha? Umebaki? Na kama umekwisha, mbona tumbo halitulii?

Mwenye elimu anisaidie, na aandike kwa maneno ambayo nitaweza kumwambia mtoto wa miaka minane akalala usingizi wake.

---

Mwalimu_Chake (Jumamosi, saa 5:35 usiku)

Waaleikum salaam bibie. Nasomesha bayolojia hapa Chake Chake huu mwaka wa kumi na tisa, na swali la mwanao sijawahi kuulizwa na mwanafunzi wangu yeyote. Wote wanakariri mchoro huo huo ulioutaja. Yeye kaweka sikio.

La kwanza, mtoe hofu usiku huu huu. Minyoo haina sauti. Haina mapafu wala koo, hailii, haiombi chakula. Kuwepo kwa minyoo kwetu Pemba ni jambo la kweli na halifichiki, ndiyo maana watoto hupewa dawa za minyoo skuli, na maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi imeshughulika na maradhi haya miaka mingi. Lakini tumbo la mtu asiye na mnyoo hata mmoja linanguruma vile vile. Tumbo lako limenguruma kwa sababu lilikuwa linafagia. Mwambie neno hilo: linafagia.

Nieleze. Tumbo "tupu" halina wali, lakini halikuwa tupu hata siku moja. Muna mate uliyomeza tangu alfajiri, muna majimaji yake lenyewe ambayo ni asidi na ute, na muna hewa. Kila tunapomeza, iwe chakula, maji au mate, na hewa kidogo inateremka. Tumbo na utumbo ni misuli. Chakula kikishapita, misuli hii hailali. Kila baada ya saa moja na nusu mpaka mbili hivi linaanzia wimbi kwenye tumbo, misuli inajibana kwa nguvu, na mbano ule unatambaa polepole kwenye utumbo mwembamba wote mpaka mwisho wake. Unasukuma makombo yaliyobaki, nyuzi za mboga, ute, chembe zilizokufa na bakteria wasiotakiwa kukaa pale. Ni fagio la uani, linaanzia mlangoni linamalizia jaani. Pale maji na hewa vinapobanwa pamoja kwenye njia nyembamba, vinatoa sauti. Hiyo ndiyo aliyoisikia.

Kwa nini hatuisikii sana tukishiba? Fanya hivi mbele yake. Chukua chupa mbili. Moja ijaze uji mzito mpaka juu, nyengine itie maji robo tu. Zitikise zote mbili karibu na sikio lake. Ya uji iko kimya, ya maji inapiga kelele. Tena ukila, fagio linasimama, kwani mwili unabadilisha kazi: haufagii tena, unachanganya na kusaga.

Kuna mtu aliyewahi kulichunguza hili kwa tumbo lake mwenyewe. Mwaka 1912 huko Marekani, mwanafunzi aitwaye Washburn alimeza puto dogo lililofungwa kwenye mpira mrefu, profesa wake Walter Cannon akaunganisha ule mpira na chombo cha kuchora mistari. Kila tumbo lilipobana puto, mstari ulipanda, na kila alipohisi njaa kumuuma alibonyeza kitufe. Alama zikakutana: mbano na maumivu ya njaa vilikwenda pamoja. Baadaye ilijulikana kuwa njaa ni zaidi ya mbano. Mtu aliyetolewa tumbo lote kwa upasuaji bado husikia njaa, maana zipo homoni zinazopeleka habari kwenye ubongo. Lakini mbano ni kweli upo, na mwanao kausikia kwa sikio lake bila puto wala chombo.

Sasa wali wako wa daku. Nitaufuata kuanzia mdomoni, na nitakaa sana pale ninapopapenda, univumilie.

Mdomoni kazi si kusaga tu. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Kila mwaka namwita mwanafunzi mmoja mbele ya darasa nampa kipande cha muhogo wa kuchemsha, usiotiwa chumvi wala nazi, namwambia atafune dakika mbili asimeze. Darasa zima linamtazama. Mara utaona uso umebadilika: "Mwalimu, umekuwa mtamu." Hatukutia sukari. Sukari ilikuwa ndani ya muhogo, imefungwa, mate yameifungua. Kisha tunachukua tone la aidini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia. Juu ya muhogo ambao haujatafunwa inageuka bluu nzito kama wino wa kalamu. Kwenye ule uliotafunwa na kuachwa na mate kibakulini muda, rangi inatoka hafifu au haitoki. Jaribuni baada ya kufuturu, ule wa kutafuna tu, wa aidini muachieni mwalimu wake.

Tonge likimezwa, kidakatonge kinafunika njia ya pumzi, na umio, wenye urefu wa kama sentimita 25, unalisukuma chini kwa sekunde chache. Unalisukuma hasa. Haliangukii kama jiwe kisimani. Mtu akiwekwa miguu juu kichwa chini bado tonge litafika tumboni.

Tumboni ndiko penye asidi kali. Inaua vijidudu vingi tulivyokula navyo, na inasaidia kimeng'enya kingine kuanza kukata protini, yaani yule samaki na yale maharage. Watoto huuliza: mbona asidi hailimeng'enyi tumbo lenyewe? Kwa sababu kuta zake zimepakwa ute mzito, na ngozi ile ya ndani mwili unaifanya mpya kila baada ya siku chache. Tumbo linakanda chakula mpaka kinakuwa kama uji mwepesi, kisha linatoa kidogo kidogo kupitia mlango wa chini. Wanga hutoka mapema, mafuta ndiyo yanayochelewesha. Daku ya saa kumi, ya wali na mchuzi, mpaka saa mbili au saa tatu asubuhi tumbo limeshatoa karibu yote. Kwa hiyo saa tano, ulipokuwa unachambua mchele, tumboni hamkuwa na wali tena. Fagio lilikuwa na haki yake.

Lakini wali haukuwa umepotea. Ulikuwa mbele, kwenye utumbo. Sentimita 25 za mwanzo zinaitwa duodeni, na hapo zinaingia bomba mbili: moja inaleta nyongo kutoka ini, nyengine inaleta maji ya kongosho. Nyongo inafanya kazi ya sabuni. Tia mafuta ya nazi kwenye bilauri ya maji, yanaelea juu kama sarafu. Tia sabuni ya maji ukoroge, yanavunjika kuwa matone madogo na maji yanakuwa meupe. Nyongo inayafanyia hivyo tui ulilopikia, ili kimeng'enya cha kongosho kipate pa kushika. Na maji hayo ya kongosho yanapoza ile asidi iliyotoka tumboni, isije ikaunguza utumbo ambao hauna ute mzito kama wa tumbo.

Sasa kamba. Nina kamba ya usumba niliyoifunga mafundo: fundo la umio, la tumbo, la duodeni, la mwisho wa utumbo mwembamba, la mwisho wa utumbo mpana. Yote ni mita tisa. Utumbo mwembamba peke yake mita sita na zaidi, kama unavyopimwa kwa maiti. Kwa mtu aliye hai misuli imekaza, hivyo ni mfupi kuliko hapo. Mpana ni mita moja na nusu. Nampa mtoto wa mbele ncha ya mdomo, wengine wanashika kila mmoja pahala pake, na mwenye ncha ya mwisho lazima atoke nje ya darasa mpaka chini ya mkungu. Huwa nawaacha wamesimama hivyo kimya kidogo. Mtoto akiangalia mkono wake ulipo kwenye kamba, kisha akaangalia tumbo lake, anaelewa kuwa vitu hivi vimekunjwa humo kwa hesabu.

Ndani ya utumbo mwembamba ukuta si laini. Una vinyweleo vya nyama, tunaviita vili, kila kimoja hakizidi urefu wa milimita moja, vimesimama pamoja kama nyuzi za taulo. Ukivinyoosha vyote unapata eneo la mita za mraba 30 hivi, ukubwa wa vyumba viwili vya kulala. Ndani ya kila kinyweleo muna mishipa midogo ya damu. Sukari iliyotoka kwenye wali na vipande vya protini ya samaki vinaingia hapo, damu inavipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini linaweka akiba, mtu mzima kama gramu 100 za sukari iliyofungamanishwa, na linaitoa kidogo kidogo mchana kutwa. Kwa hiyo ukimwambia mwanao saa tano tumbo liko tupu, mwambie pia kuwa wakati ule ule wali wa daku ulikuwa unamlisha, kupitia damu. Hajafunga bila ya chakula mwilini.

Kinachobaki kinaingia utumbo mpana, kinakaa siku moja au mbili, maji yanafyonzwa, na bakteria wengi wanaoishi pale wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya. Hapo sina mengi, mtoto anajua mwisho wake.

---

Kijana_Mkoani (Jumapili, saa 6:50 mchana)

Shukran mwalimu, hii nimemsomea mke wangu yote. Na mimi nina shida yangu niiseme hapa hapa. Nikifuturu, tonge mbili tatu tu, naharakia chooni. Watu wananambia tumbo langu halishiki chakula, kinapita moja kwa moja. Jengine, nikila daku nikalala, naamka na moto kifuani mpaka kooni, mdomo una uchachu. Nafanya kazi ya kupakua mizigo gatini, kwa hiyo mgongo ukiuma nameza vidonge vya maumivu wakati wa daku. Kuna mtu kaniambia hivi ni vidonda vya tumbo na nisifunge tena. Je ni kweli?

---

Muuguzi_Mstaafu_Ngambo (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Mwanangu wa Mkoani, nimekuwa muuguzi hapa Unguja kwa miaka 31, nimestaafu, lakini swali kama lako bado linanitoa kitandani.

Hilo la chooni usilihofie. Chakula hakiwezi kupita mita tisa kwa tonge tatu. Tumbo likianza kupokea chakula linapeleka habari kwenye utumbo mpana: tayarisha nafasi. Utumbo mpana unajibana na kusukuma kilichokuwepo tangu jana au juzi. Unachokitoa wakati wa futari ni chakula cha siku zilizopita. Angalia watoto wachanga, ananyonya huku anajisaidia. Kwa mtu aliyefunga kutwa habari hiyo inakwenda kwa nguvu zaidi, basi. Ingekuwa unaharisha maji, au unapungua mwili, au unaona damu, ningesema jengine.

Moto wa kifuani ni kiungulia. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli wa duara unaofunga. Tumbo likijaa sana, na likijaa vitu vya mafuta, sambusa, kachori, mchuzi wa nazi mzito, linachelewa kutoa, na ukilala chali asidi inapanda mahali ambapo hapana ute wa kuizuia. Ndiyo uchachu huo. Usilale papo hapo. Kwenye futari una bahati ya tarawehe, unasimama na kuinama tumbo likipata muda. Kwenye daku huna, basi kula kidogo, acha vya kukaanga, na kama lazima ulale, inua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali mawili, si kuongeza mto, maana mto unakunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto.

Lililonishitua ni hivyo vidonge. Dawa nyingi za maumivu ya mgongo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zinapunguza kinga ile mwalimu aliyoitaja, ute wa tumbo. Unazimeza alfajiri kisha tumbo linakaa bila chakula mchana kutwa na asidi yake. Hiyo ni njia ya kweli ya kupata vidonda. Njia ya pili ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Zamani sisi wauguzi tulifundishwa kuwa vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili kuonyesha kuwa wanalitia tumbo maradhi, na yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao wanatibika kwa dawa maalumu zinazotolewa pamoja, lakini baada ya kupimwa. Usinunue dukani kwa kuambiwa na jirani. Nenda hospitali, wambie kuhusu vidonge, na suala la kufunga liamue na daktari aliyekupima, si na aliyekuona barazani. Na mwanangu, ukiona haja kubwa nyeusi kama lami na yenye kunata, au ukatapika kitu kama unga wa kahawa, usisubiri kuche. Hiyo ni damu.

Nataka niongeze moja, bibie wa Wete, kwa kuwa umeuliza kinachofanyika ndani. Watu hawajui ni maji kiasi gani yanazunguka humo. Kwa siku moja zinapita kiasi cha lita tisa. Mbili tunakula na kunywa, saba mwili wenyewe unamimina: mate, maji ya tumbo, nyongo, kongosho, utumbo. Karibu zote zinarudishwa ndani, inatoka kama nusu bilauri tu. Nilifanya kazi kwenye kambi za kipindupindu zaidi ya mara moja. Sumu ya kipindupindu haichomi utumbo, inaamuru utumbo umwage maji bila kukoma. Nimeona mtu mzima, mvuvi mwenye kifua kipana, kaletwa asubuhi macho yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Pakiti ya chumvi chumvi ya kuzuia upungufu wa maji inafanya kazi kwa sababu kwenye vile vili alivyovitaja mwalimu pana mlango unaofunguka pale tu sukari na chumvi vinapofika pamoja, na maji yanafuata nyuma yao. Mlango huo kipindupindu hakiufungi. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilele. Chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto akiharisha mnyweshe kidogo kidogo, na asifunge, hata hiyo nusu siku.

Kuhusu chango, mwambie mama mkwe wako kwa heshima kuwa hajakosea yote. Safura yupo, na anajishikiza kwenye utumbo mwembamba hasa, anafyonza damu kimya kimya. Mtoto anakuwa mweupe wa macho, mchovu. Anaingia kwa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo mchafu bila viatu. Kwa hiyo ndara, choo, kuosha mikono, na dawa za skuli asizikatae.

---

MamaWatatu_Wete (Jumatatu, saa 2:45 usiku)

Mwalimu, bibi muuguzi, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimekaa na machozi nikisoma.

Leo baada ya futari nilitoa chupa mbili. Nikaweka uji kwenye moja na maji kwenye nyengine, nikazitikisa sikioni mwake. Akazichukua mwenyewe akazitikisa tena na tena, kisha akaenda nazo kwa bibi yake. Bibi akasikiliza kwa makini, akacheka, akasema, "Basi kumbe linafagia." Nikamwona mtoto mabega yameshuka.

Muhogo tulitafuna sote, na baba yao. Yeye alimeza mapema, mara mbili, mtoto akamrudisha aanze upya. Ulipokuwa mtamu alifumba macho akakaa nao mdomoni.

Kakubali kula daku kesho. Lakini kabla ya kulala kauliza jengine, na nimemuahidi nitauliza: fagio linapita hata akiwa kalala? Na likikuta hamna taka, linafagia nini?

---

Mwalimu_Chake (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Linapita, bibie. Usiku ndio linapita vizuri, maana hakuna chakula cha kulisimamisha. Na hata kama hamna makombo, bakteria wapo siku zote, wale wa utumbo mpana wanapenda kupanda juu kwenye utumbo mwembamba ambako si kwao, na fagio linawarudisha. Watu ambao wimbi hili limedhoofika kwa maradhi, bakteria huzidi huko juu, na matumbo yao hujaa gesi na kuuma. Kwa hiyo halijawahi kufagia bure.

Kamba yangu ipo, nimeitundika nyuma ya mlango wa maabara. Baada ya Idd skuli zikifunguliwa, mkishuka Chake mleteni. Nitampa ashike ncha ya mdomo, na wewe utoke nje mpaka kwenye mkungu.